Niliyalaumu Maziwa, Nikamzika Mpwa Wangu

Nina miaka sitini na miwili na digrii mbili ukutani. Mchwa wamezisoma kwa bidii kuliko mimi. Nawaandikia kwa sababu nimechoka kubeba jambo hili peke yangu...

Katika ukame wa miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilitumwa kuchunguza afya ya watoto kwenye zahanati moja ya kwetu, karibu na kijiji cha Kwa Vonza. Baadhi yao walipewa maziwa ya unga ya msaada. Nikahesabu waliopewa na wasiopewa. Lo! Waliopewa ndio waliokuwa wakifa zaidi!

Nesi mzee, Sista Ruth, alinitazama kama mbuzi aliyepanda mezani. "Wewe kijana! Maziwa tunawapa waliokonda kabisa. Wanafika hapa wamekaribia kufa. Uzito wao uko kwenye kitabu hiki. Umekisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Kilikuwa kinene, nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikaandika ripoti bila uzito. Jumapili nikawatangazia akina mama kanisani kwamba maziwa yale "yanahusiana" na vifo. Wao walisikia kwamba yanaua. Na kusema kweli, ndivyo nilivyotaka wasikie!

Dada yangu Kalunde alikaa mbele, akijivunia msomi wake. Mwanawe Mumo alikuwa mifupa mitupu, na alikuwa akinywa maziwa hayo. Kalunde akayamwaga. Sista Ruth alipomsihi, alimjibu, "Kaka yangu amesomea haya mambo. Wewe umesomea wapi?"

Wiki tatu baadaye tulimzika Mumo.

Baada ya mazishi ndipo nilipokisoma kile kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Nililinganisha waliokonda na waliokonda wenzao. Waliokunywa maziwa ndio waliopona zaidi... Niliyasingizia maziwa kosa la njaa!

Nilisimama tena kanisani, nikakiri. Akina mama wakarudia maziwa. Kalunde hakulia wala kunitukana. Heri angenipiga! Aliuliza tu, "Kaka, ulijua hicho kitabu kipo?"

Nilijua.

Wenzangu, nawasihi. Kabla hujasema kitu fulani kimeua, uliza waliokipokea walikuwa na hali gani tangu mwanzo. Na ukiambiwa kuna kitabu hujakisoma, funga mdomo ukisome. Mimi nilikisoma chote, hadi mstari ulioandikwa Mumo, uzito wake ukiongezeka kila wiki... mpaka Jumapili ile.