Jina Lililokosekana Kwenye Ramani ya Mwezi

"Jina langu liko wapi?"

Rangi alimuuliza mchumba wake kwa sauti ya chini, akiwa amelifungua jarida katikati ya meza yao. Ofisi ilikuwa nusu giza, mapazia yameshushwa mchana kweupe ili picha za setilaiti zionekane vizuri kwenye kompyuta. Ukurasani palikuwa na ramani ya kreta kubwa, shimo la mwezini, na chini yake majina mawili: la mkuu wa idara na la huyo mchumba.

Ofisini walimwita Rangi, kwa kuwa ndiye aliyesoma mwanga unaorudishwa na kila mwamba na kuupa mwamba huo rangi yake kwenye ramani. Mchumba wake walimwita Vivuli. Yeye alipima urefu wa vivuli, akajua ukuta wa kreta umesimama kiasi gani. Miaka mitatu walikaa bega kwa bega wakilitazama shimo lile moja, hata wakawa wanalitembelea kwa mawazo: hapa tungepumzika, pale tungeteremka polepole tumeshikana mikono. Siku Rangi alipogundua kuwa kilele cha mlima ulio katikati ya kreta ni mwamba mweupe uliopanda kutoka chini kabisa, ndiyo siku Vivuli alipomwomba wafunge ndoa.

"Mkuu alisema nafasi ni ya watu wawili," Vivuli alijibu. "Akasema lako litaongezwa baadaye."

"Alisema lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na wiki mbili hizo ulikuwa unakula nami meza moja."

Vivuli aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba aliogopa kuondolewa kwenye mradi, kwamba kila siku aliahirisha kumwambia hadi kesho. Rangi hakumgombeza. Alizima kompyuta, akachukua mkoba wake, akatoka.

Alikwenda kukaa kwa dada yake, na ofisini hakurudi. Dada alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama ni kweli watu wazima wawili wameachana kwa sababu ya shimo. Rangi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na dada akajua si shimo. Siku zikapita kama usingizini. Akikoroga chai, anaziona kingo za kreta. Akifumba macho, yumo ndani yake peke yake, anatembea juu ya vumbi lisilo na sauti.

Vivuli hakupiga simu. Alituma ujumbe mmoja tu: "Nimekosa. Sitakusumbua mpaka nirekebishe."

Mwezi wa pili tangu aondoke, barua pepe ikaingia kutoka kwa wahariri wa jarida. Waliomba radhi na kuahidi kulichapisha jina lake. Vivuli alikuwa amewapelekea faili zote za kazi zenye tarehe zake, nao wakathibitisha kuwa mchoraji mkuu wa ramani ni Rangi, na kwamba mkuu wa idara hakugusa hata mstari mmoja. Rangi akampigia mwenzake wa ofisini. Akaambiwa Vivuli aliondolewa kwenye mradi wiki tatu nyuma, sasa anafundisha jiografia sekondari.

Jioni hiyohiyo akaenda nyumbani kwao Vivuli. Mama yake Vivuli ndiye aliyefungua mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Mkwe, umekonda," alisema. "Ingia. Yuko uani, anasahihisha madaftari. Mseme taratibu, roho yake iko juu siku hizi."

Vivuli akasimama, kalamu nyekundu mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?" Rangi akauliza.

"Ningekuambia, ingekuwa kama nakudai msamaha."

"Umepoteza kazi."

"Nilikupoteza wewe kwanza."

Rangi akavuta kiti. Alimweleza kwamba wiki mbili zile bado zinamuuma, na kwamba akimficha tena jambo, liwe dogo kama kokoto, ataondoka asirudi. Vivuli aliitikia kila neno. Mwanga wa jioni ulikuwa umelala juu ya madaftari.

"Bado unanipenda?" Vivuli akauliza.

"Sikuwahi kuacha. Nilikuwa nimeumia tu."

Akavuta nusu ya madaftari upande wake, akaomba kalamu. Wakasahihisha pamoja mpaka mama alipowaita mezani. Walioana baada ya miezi minne, na dada mtu, aliyekuwa shahidi, alitia sahihi huku machozi yanadondokea kwenye karatasi.