Maji ya Chumba cha Tatu

Jumatano asubuhi, mabomba ya chumba cha tatu yalikuwa kimya. Kwenye kituo cha kuangulia samoni, kimya ni msiba. Maji hupita juu ya mayai usiku na mchana, na mtu akishakaa pale msimu mmoja huyasikia hata usingizini, yakikatika hushtuka kama mama aliyekosa sauti ya mtoto. Siku ile hakushtuka mtu. Msimamizi wa mayai, Grady Ostrem, aliingia saa kumi na mbili, akakuta koki kuu imefungwa na masanduku yamekauka. Boya la king'ora, ambalo lingeshuka na kuwaamsha wote, lilikuwa limefungwa juu kwa kamba.

Kamba haijifungi yenyewe. Ndiyo maana saa sita mchana ndege ya majini ilitua Ghuba ya Tolmer, mbele ya kituo, ikiwa na askari.

Askari mwenyewe, Sajini Noreen Brekke, alikuwa amechoka kabla hajaanza. Ilikuwa safari yake ya tatu wiki ile, mvua ya Oktoba ya kusini mwa Alaska ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa, na goti lake la kushoto lilikuwa na maoni yake kuhusu kila ngazi. Njia nzima kutoka Juneau alikuwa ameketi na meneja wa kituo, Wendell Haugen, aliyekuwa mjini kwa mkutano. Wendell alikuwa amekwisha hukumu. Aliyefunga maji, alisema, ni Delphine Kitka. Usiku ule zamu ilikuwa yake. Tena Jumapili alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kwao Hoonah, akanyimwa kwa sababu watu ni wachache, naye akatamka mezani mbele ya wote, "Basi mayai yenu yatajiangalia." Wendell alitaka mwanamke huyo aondoke na ndege hiyo hiyo, akiwa na pingu au bila.

"Ruhusa ya nini?" Noreen aliuliza.

"Kaka yake alikufa mwaka jana. Jumamosi wanafanya ile karamu yao ya kuondoa matanga."

"Na yeye ndiye mwenye shughuli?"

Wendell aliangalia nje ya dirisha. Akasema ndiyo, dada mkubwa ni yeye.

Noreen alizaliwa pwani hiyo na alijua mambo ya Watlingit, kabila la kina Delphine. Karamu ile haiahirishwi. Ukoo mzima huweka akiba mwaka mzima, wageni hualikwa kutoka visiwa vyote, na mwenye shughuli asipokuwepo, maiti hajaagwa. Kumtia Delphine mahabusu siku tatu kabla ilikuwa adhabu kubwa kuliko yoyote ambayo hakimu angempa.

Alianzia chumba cha tatu. Giza, kama vyumba vyote vya mayai, kwa sababu mwanga huyadhuru. Masanduku yalikuwa matupu, yameoshwa. Noreen alisimama akiyatazama, hasira ikimpanda taratibu kwa uchovu.

"Mayai yako wapi?"

Grady alimjibu kwa upole. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na sauti ambayo watu wote hapo waliipenda. Alisema mayai yalikuwa yameshakufa, yamegeuka meupe, na mayai yaliyokufa huota ukungu unaoambukiza chumba kizima. Kwa hiyo aliyamwaga baharini mara moja, akisaidiwa na fundi.

"Ulimwaga ushahidi wangu, bwana Grady."

"Nilifikiria samaki, Sajini. Samahani."

Chini ya koki palikuwa na spana. Noreen aliiokota, na Grady, bila kuulizwa, akasema ni ya Oskar, fundi. Kisha akaongeza kwamba Oskar ameambiwa huu ni msimu wake wa mwisho, na hakulipokea jambo hilo vizuri. Alisema hivyo kama mtu anayesikitika.

Kabla hajatoka jengoni Noreen aliomba kuonyeshwa chumba cha nne, apate kujua kilichopotea. Grady alimwashia tochi nyekundu. Ndani ya sanduku mayai yalilala tabaka juu ya tabaka, na kila moja lilikuwa na vidoa viwili vyeusi. Macho ya vifaranga.

"Haya yana umri mkubwa kuliko yale?"

"Ni madogo kwa siku moja," alisema Grady, akalifunga sanduku haraka. "Mwanga, Sajini."

Oskar alipatikana kwenye banda la jenereta, mzee mwenye kifua cha pipa, akila mkate juu ya boksi la vifaa. Alipoonyeshwa spana alicheka. Koki ile ina kutu, alisema, haifungiki kwa mkono, na spana hukaa pale pale tangu enzi za meneja wa kwanza. Hata mpishi anajua.

"Na usiku ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Muulize Mama Perpetua, chumba chake na changu vinatenganishwa na ubao tu."

Mpishi, Perpetua Bautista, aliulizwa, naye alithibitisha kwa uchungu. Mtu yule, alisema, anakoroma kuliko jenereta yake. Tangu saa nne hadi alfajiri hakupumzika hata dakika, na yeye hakupata lepe la usingizi. Kama kukoroma kungekuwa kosa, angeomba Sajini amchukue sasa hivi. Huku akiongea alikuwa akimmiminia Noreen supu ya kuku na tangawizi. Noreen aliinywa yote. Ilikuwa kitu cha kwanza chenye moto tangu juzi.

Delphine Kitka alikuwa amekaa chumbani kwake juu ya kitanda, begi limefungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele kwenye kilemba cha sufu. Hakusimama.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Ulipita chumba cha tatu saa ngapi?"

"Saa tatu usiku. Maji yalikuwa yanatembea. Nikaenda kulala na king'ora kichwani, kama kila mtu wa zamu."

"Mayai yenyewe uliyaona?"

"Kufungua masanduku si kazi ya zamu. Hufungua msimamizi peke yake."

"Na maneno yako ya Jumapili?"

"Niliyasema. Nilikuwa na hasira, bado ninayo. Miaka kumi na tisa, dada, nimelea samaki wa watu hawa. Hao samaki ndio wapwa zangu wanaowavua. Niwaue kwa ajili ya Wendell?" Alilivuta begi karibu. "Asubuhi nilipofika walikuwa wameshaanza kumwaga. Nikamwambia Grady, fungua maji kwanza. Hakunisikiliza."

"Yalikuwa yamekufa."

"Nani amesema? Mayai yakishatoa macho ni magumu hayo. Tunayasafirisha kwa ndege yamefungwa kitambaa kibichi, mchana kutwa, yanafika hai. Usiku mmoja wa baridi hii? Yangepona zaidi ya nusu. Mimi ningefungua maji, halafu ningelia."

Noreen aliandika kidogo, kisha akaacha. Aliyekuta mayai yake hatarini asijaribu hata kuyaokoa, huyo ama amechanganyikiwa au hakuyahitaji. Grady hakuonekana mtu wa kuchanganyikiwa.

Akamrudia Oskar. Swali lilikuwa moja tu: mayai aliyoyamwaga yalikuwa meupe?

Fundi alikuna shingo. Hakuyachunguza, alisema, mle ndani ni giza na Grady alikuwa akimharakisha kama ng'ombe. Lakini kuna mayai kidogo aliyaiba kwenye ndoo. Si wizi, alijisahihisha, mayai yenyewe yanaenda baharini; alichota kidogo tu akayatia chupani, na chumvi na sukari, yawe chambo. Yako kwenye friji ya jikoni, kwa Mama Perpetua, ambaye ameshamtukana mara mbili kwa kuyaweka karibu na siagi.

Noreen alitoa chupa kwenye friji akaisogeza dirishani. Mayai yalikuwa mekundu, safi, mazuri kama shanga mpya. Aliyatazama muda mrefu hadi Perpetua akamuuliza kama anataka kuyala.

"Mama, niazime sahani mbili nyeupe," alisema. "Na uwaite wote."

Walikutana chumba cha kulia, mvua ikipiga bati. Wendell alikaa kichwani mwa meza. Delphine alisimama mlangoni na begi lake. Oskar na Perpetua walibanana kwenye benchi. Grady alichagua kiti cha mwisho, akaweka mikono chini ya meza.

Noreen alimimina chambo kwenye sahani ya kwanza. Kwenye ya pili aliweka mayai machache ambayo Delphine, kwa ombi lake, alikuwa ameyatoa chumba cha nne.

"Haya ya chumba cha tatu. Haya ya cha nne, madogo kwa siku moja. Bwana Wendell, nieleze tofauti."

Wendell aliinama. Akavaa miwani, akainama tena. Sahani ya pili ilikuwa imejaa vidoa vyeusi. Ya kwanza haikuwa na hata kimoja.

"Hayana macho," alisema polepole.

"Yai la umri huu lisilo na macho, maana yake nini?"

Delphine ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Halikupata dume. Halikuwa na kifaranga tangu mwanzo."

"Chumvi ya Oskar," Grady alisema. "Chumvi imeyafuta."

"Chumvi haifuti macho, Grady," alisema Wendell. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unajua haifuti."

Noreen aliketi, maana goti lilikuwa limemshinda. Aliongea bila kupandisha sauti. Mayai ya chumba cha tatu yalikuwa mabovu tangu Agosti, na hakuna mtu awezaye kumuua kiumbe ambaye hajawahi kuwapo. Aliyefunga maji hakutaka kuua. Alitaka mayai yaonekane yameuawa. Na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akifungua masanduku yale na kuona, siku baada ya siku, kwamba macho hayatokei. Mtu huyo huyo aliyapeleka baharini kabla hayajafikiwa na mwanga.

"Ulifanya nini Agosti?" alimuuliza.

Grady alitoa mikono chini ya meza. Kisha mabega yake yakashuka, na wote wakaona jinsi alivyochoka. Alisema samaki wa siku ile walikuja na damu nyingi, mafuriko yaliwapigiza kwenye mawe. Mayai yenye damu huoshwa kwanza, kabla ya mbegu za dume, kwa maji ya chumvi, kwa sababu yai likiguswa na maji matupu hujifunga, na dume hapati pa kuingia. Maji hayo ya tangini aliyachanganya yeye mwenyewe.

"Nilisahau chumvi," alisema. "Tulikuwa tumekata mwezi bila kupumzika. Nililijaza tangi maji, nikaenda kuchukua gunia, mtu akaniita. Sikurudi. Siku nzima tuliosha na maji matupu."

"Ungesema," Wendell alisema. "Kosa lile hutokea."

"Ungenipa kituo hiki mwakani? Ulishaandika jina langu nikurithi umeneja. Kila jioni nilisema nitasema kesho." Alipangusa uso. "Halafu Jumapili dada Delphine akatamka yale maneno, na mimi nimekaa pale pale. Nilidhani atapewa onyo, basi. Sikujua utaita polisi."

"Na ulipoona ametuita?" Noreen aliuliza.

"Nilikuwa nimeshayamwaga," alisema Grady. Hata kamba ya boya, alikiri baadaye, aliifunga akisikia Oskar anakoroma, akaona aibu, na bado akaifunga.

Wendell aliinuka akamwendea Delphine. Alitafuta maneno, akapata machache: kwamba amekosea, na kwamba aende Hoonah leo hii, zamu zake atazishika mwenyewe. Delphine alimtazama juu mpaka chini.

"Bila haya yote, ungenijibu hivi?"

"Hapana," alisema Wendell. Alau hakudanganya.

Ndege ilikuwa moja tu. Rubani, asiyejua lolote, aliwapanga kwa uzito: Noreen mbele, Delphine na Grady, sasa mwenye pingu mikononi, nyuma bega kwa bega, begi la Delphine mapajani mwake. Noreen alifumba macho, hakulala.

Hoonah ilipotokea chini, paa zake zikiwa zimeloa, Delphine ndiye aliyesema kwanza. Aliongea na kiti kilichokuwa mbele yake.

"Sajini, unajua nani alimbeba kaka yangu? Sisi wa upande wa Kunguru hatuziki wafu wetu wenyewe. Watani wetu wa upande wa Tai ndio wanaotubebea maiti. Huyu Grady, ukoo wa Tai ulimpokea, akawa wao. Alichimba kaburi kwenye theluji. Jeneza aliliinua kwa bega hili la kulia."

Grady aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa pingu.

"Karamu ya Jumamosi ni ya kuwashukuru waliobeba," Delphine aliendelea. "Blanketi lake nimelishona mwenyewe, msimu mzima. Liko ndani ya begi hili."

Ndege iligusa maji, ikaruka kidogo, ikatulia. Gatini watu wa ukoo wake walikuwa wamesimama kwenye mvua wakimngoja, na mmoja alikuwa ameanza kupunga mkono. Delphine alifungua mlango, akakanyaga boya la chini ya ndege, kisha akarudisha kichwa ndani. Sasa alimtazama Grady machoni.

"Litaitwa jina lako mbele ya watu, na blanketi litaletwa ulipo. Ulimbeba, na maiti hakai na deni," alisema. "Ila usiniite dada tena."

Akashuka. Grady alianza kulia bila sauti, na Noreen, aliyekuwa na leso mfukoni, alichelewa sana kumpa.