Siri ya Mgonjwa wa Lenox

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe sita Juni, mkahawani Miritini, abiria wa treni wakipigana vikumbo na mabegi yao. Nyamvula, kitenge cha manjano kimemkaa, alikuwa kwenye kona akimnong'oneza mwanamume mwenye tai. Alipoinua macho, akaona mgongo wa Garama, mchumba wake, ukitoka mlangoni.

Jioni simu ikalia; ni Garama.

"Yule nani?"

"Lenox wa kliniki yetu. Nilikuwa na neno naye."

"Neno gani la kuambiana sikioni?"

"Siri ya mtu, laazizi. Siwezi kukwambia."

"Basi Jumapili wazee wangu hawaji kuposa!"

Simu ikakatwa. Nyamvula akalia, ila siri hakuitoa. Kazi yake ni kuwatibu kwa ushauri watu waliovunjika moyo, na mmoja wao alimweleza kwamba Lenox, aliyemtibu kabla yake, alikuwa akimtongoza mle mle chumbani. Mgonjwa huyo akamruhusu Nyamvula kushtaki, bora asimtaje mtaani. Nyamvula alianza kwa kumkabili mwenzake ana kwa ana, pale mkahawani. Lenox akacheka. Siku hiyo hiyo Nyamvula akamwendea mkubwa wao. Huyo naye, kama wakubwa wote walivyo, akataka yaishie ofisini. Nyamvula akapeleka mashtaka kwa baraza linalosimamia kazi yao, na kesho yake mkubwa akamwambia akae nyumbani "apumzike".

Alitoka getini kichwa juu, viatu vikilia ko, ko, ko.

Jumamosi Garama alibisha hodi nyumbani kwa Nyamvula, Mjambere, shati limepigwa pasi hadi kola.

"Gladys wa mapokezi kanambia umemshtaki Lenox. Sababu haijui."

"Na mimi sikwambii."

"Sikuulizi tena. Mke wa kutunza siri ya mtu hata akakubali kunikosa mimi! Najivuna mji mzima, mama. Siri zangu ziko salama."

"Siri gani ulizonazo, zaidi ya kuogopa paka?"

"Shh! Wazee waje kesho?"

"Waje. Wewe uwafuate nyuma, na mkungu wa ndizi kichwani. Ndiyo faini yako."

"Hata miwili!"

Walikuwa bado wanacheka Gladys alipopiga simu. Lenox yuko kazini, alisema, na mkubwa kampa wagonjwa wote wa Nyamvula.

Nyamvula akashika mkono wa Garama, akaukaza: mgonjwa yule naye alikuwa mmoja wao.

"Gladys, mlango wake umefungwa?"

"Umefungwa, dada."

"Nani yuko ndani?"