Dosiye ya Rehema

Siku ya soko mjini Baraka, mtu hapiti bila kukanyagwa. Pikipiki hupenya pasipo na njia, mama wauza samaki wa ndagala hupitisha mabeseni juu ya vichwa vya watu, na redio tatu huimba nyimbo tatu kwa wakati mmoja. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Munira, kitambaa cha rangi ya zafarani kichwani, akimkunjulia mteja kikwembe, kitenge cha bluu chenye maua meupe. Nyuma yake, juu ya gunia, alikaa binti yake Rehema, mwenye umri wa miaka sita, akila kitumbua.

Kitumbua kikaanguka juu ya turubai. Munira akamwacha mteja na kikwembe mkononi, akainama kukiokota.

"Mama, muache aokote ye mwenyewe," mteja akasema.

Munira akainuka taratibu. Mbele yake alikuwa mwanaume mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, miwani, na vumbi la barabara hadi magotini.

"Unasema?"

"Nasema mutoto anaweza. Umungojee kidogo tu."

"We baba, umekuja kununua kikwembe ao umekuja kunifundisha kulea? Hauoni mukono yake?"

"Nauona. Njo maana nasema ungoje."

Mkono wa kulia wa Rehema ulikuwa umekunjika kifuani, ngumi imefumbwa, na mguu wa upande huohuo ulikuwa ukiburuta kidogo alipotembea. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili. Mwaka ulipotimia na mkono haujafunguka, baba yake alipanda boti kwenda Kalemie, akatuma neno kwamba katika ukoo wao hawazaliwi watoto wa namna ile. Tangu siku hiyo Munira aliapa kwamba mtoto wake hatakosa mkono maadamu yeye anayo miwili. Akamlisha, akamvisha, akamwosha, akambeba. Sasa mtu asiyemjua hata jina anamwambia angoje!

Wakati wakubwa wakirushiana maneno, Rehema alijiegemeza kwa kiwiko juu ya gunia, akajinyoosha, akakiokota kitumbua kwa mkono wa kushoto. Akakitazama.

"Iko na muchanga," akasema. "Munipe ingine."

Mwanaume akaangua kicheko. Munira, bila kutaka, naye akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

Mwanaume yule aliitwa Nasoro. Alikuwa ametoka Uvira mwezi huohuo, kufanya kazi katika kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu kilichokuwa karibu na ufuko.

"We ni docta?" Munira akauliza.

"Hapana. Docta anatibu ugonjwa. Mi natafuta namna mutoto anaweza kula, kuvaa, kucheza, kuandika, na mwili ule iko nao. Mulete siku ya pili ya juma. Kama haupendi, hautarudi."

Alilipa kikwembe akaondoka. Marthe, muuzaji wa meza ya jirani, aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yote mawili, akasema, "Ule alikuja kununua kikwembe ya nani? Mwanaume peke yake, mapande sita?"

"Itakuwa ya bibi yake, mama ya watoto wake," Munira akajibu. Na hakuelewa kwa nini jibu hilo lilimkera.

*

Siku ya kwanza pale kituoni, Nasoro hakumwuliza Munira chochote. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Rehema, we mwenyewe, unataka uweze kufanya kitu gani?"

Munira akafungua kinywa kujibu. Nasoro akainua kidole. Wakangoja. Nje boti zilikuwa zikingurumisha mashine, mbuzi akalia, na bado wakangoja. Katika miaka sita, hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto yule swali hilo, na Munira alishikwa na aibu alipogundua kwamba hata yeye hajui jibu.

"Kuvaa uniforme," Rehema akasema.

Kumbe alisikia yote. Mwaka uliotangulia, mkuu wa shule ya mtaani kwao alimwambia Munira kwamba ana watoto sitini darasani, hana wa kumvisha mmoja akitoka chooni. Ilikuwa Juni. Masomo yangeanza Septemba.

Kazi ikaanza. Nasoro alimfundisha Rehema kuutanguliza mkono mzito katika blauzi, kisha kichwa, ndipo mkono mwepesi ufuate. Alizungushia mpini wa kijiko mpira wa shambrea, tyubu ya baiskeli, ukawa mnene, ukashikika. Alimwomba seremala ambadilishie kiti ili miguu ya mtoto ifike chini, maana mtu anayening'inia hawezi kutuliza mikono. Siku moja Munira alimkuta amemvika Rehema kifuko cha kitambaa kwenye mkono ule mzima.

"Unamufunga mutoto mukono yenye inafanya kazi?"

"Ni nusu saa tu. Ule mwengine upate nafasi. Angalia, na mi nimevaa."

Na kweli, naye alikuwa amevaa kifuko cha kikwembe cha bluu chenye maua meupe. Mapande yote sita yaliishia kwenye mikono na magoti ya watoto wa kituo. Walikuwa wakishindana kutia maharagwe kwenye kopo, na Nasoro alikuwa anashindwa.

Kila jioni Nasoro alipiga simu kuuliza habari za mazoezi, aziandike katika dosiye, faili la mtoto. Simu za kwanza zilikuwa fupi kama risiti. Baadaye zikarefuka.

"Mama Rehema, leo amekula na mukono gani?"

"Yote mbili. Mutuzi wa samaki ulimwangika mpaka kwa jirani."

"Mungu asifiwe! We ni mama hodari. Na we, umekula?"

"Docta, dosiye iko ya mutoto ao ya mama?"

"Mi si docta."

"Haujajibu."

"Reso ya simu iko mubaya, sisikii."

"Mwongo!"

Munira alicheka peke yake, simu kifuani, kisha akajikemea. Mwanaume huyu alikuwa kitendawili. Siku moja Nasoro alimkuta barabarani akiteremsha robota la vikwembe kutoka kwenye pikipiki. Badala ya kurukia kumsaidia, alisimama akauliza, "Unahitaji musaada?" Mwanaume gani anauliza? Lakini Munira alipojibu kwa ukali, "Hapana," hakuondoka. Alitembea kando yake hadi sokoni, hatua kwa hatua, akimwambia jinsi anavyoona mguu wa Rehema umeanza kukanyaga vizuri. Mtu baridi hatembei hivyo. Mtu mwenye moto haachi mwanamke abebe robota. Basi ni nini?

"Anakupenda," Marthe akasema.

"Anapenda kazi yake. Akiona Rehema anacheka, njo macho yake inangaa. Mi ni mama ya mugonjwa tu."

"Na we, macho yako inangaa juu ya nini?"

Munira akajifanya ana mteja.

*

Wiki ya tatu ya Agosti, simu ililia mchana, saa ambayo Nasoro hakuzoea kupiga. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya sauti yake.

"Mama Rehema, niko njiani kwenda Lubondja. Nilitaka kukuambia... siwezi kuendelea na Rehema."

"Unasema nini?"

"Mutu mwengine atamufuata... haiko muzuri mi... juu ya..."

Simu ikakatika. Munira akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, hadi kidole kikauma.

Siwezi kuendelea na Rehema. Maneno hayo aliyajua. Yalitoka Kalemie miaka mitano iliyopita, kwa kinywa kingine. Alikaa juu ya gunia lake, simu mapajani. Kumbe nao wenye kusomea kuvumilia huchoka.

Siku iliyofuata alifika nyumbani msichana mwenye misuko mirefu, begi mgongoni, dosiye ya kijani mkononi. "Naitwa Vanessa. Ni mimi nitafuata mazoezi ya mutoto sasa."

"Ule mwengine alichoka naye?"

Vanessa akashtuka. "Nasoro? Mama, alisoma hii dosiye na mi masaa mawili, hakuacha kitu. Hakuchoka na mutoto." Akasita, kisha akasema kwa adabu ya mtu asiyejua anakanyaga wapi, "Aliniambia ni juu ya mama, mama njo sababu."

"Juu yangu?"

"Njo vile alisema."

Hapo ndipo Munira alipopotea kabisa. Kama angechoka na mtoto, angemchukia na mambo yakaisha. Lakini juu yake? Alikosa nini? Ni ule ukali wa siku ya kifuko? Ni kumtania kwenye simu? Labda alimwona mwanamke mwepesi. Alipika mboga akasahau chumvi. Alimuuzia mteja pande mbili akafunga moja. Rehema, aliyekuwa akifunga vifungo vya blauzi kwa ulimi nje ya mdomo, akauliza, "Kaka Nasoro anarudi lini?" na Munira akamjibu kwa ukali usiostahili, kisha akamwomba msamaha.

Siku ya tano alimwachia Marthe meza na mtoto, akavaa gauni la kijani alilolivaa Idi, akapanda pikipiki ya asubuhi. Walipita Fizi, wakaanza kupanda milima. Njia nzima alipanga maneno. Kila kona ya barabara iliyaangusha.

*

Lubondja, nje ya kituo cha afya, wamama wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye majamvi na watoto wao mapajani. Nasoro alikuwa katikati akionyesha jinsi ya kumketisha mtoto mwenye shingo laini. Alipomwona Munira, aliacha sentensi katikati. Wamama wote wakageuka.

"Rehema iko na shida?" akauliza, amekwisha kusimama.

"Rehema iko muzuri. Anafunga vifungo. Mi njo niko na shida." Munira alisahau hotuba yote ya njiani. "Nilikukosea nini?"

"Unikosee?"

"Vanessa alisema umeacha mutoto juu yangu. Kama mi ni mama mubaya, ungeniambia kwa macho. Si kwa simu yenye inakatika."

Nasoro akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa ikiwa chafu kuliko mwanzo. Akamwongoza kando, penye kivuli cha ukuta, ingawa wamama waliwafuata kwa shingo.

"Kwa kazi yetu," akasema taratibu, "mwenye anafuata mutoto haruhusiwi kutaka mama ya ule mutoto. Kwa sababu mama anakuja na shida, hana uhuru wa kukatala. Basi nilitoa dosiye. Nilitaka nikuje kwenu kama mutu tu. Munira, nakupenda. Njo hiyo nilikuwa nasema mu simu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. Munira alilisikia kama la mtu mwingine. Furaha ilimjia, na hasira ikaja nyuma yake, zikakanyagana mlangoni.

"Siku uliniambia mi ni mama hodari. Ilikuwa kazi, ao?"

"Ilikuwa kazi. Nadhani."

"Na kunifuata na miguu mpaka sokoni?"

"Ile..." Akatafuta. "Sijui tena, Munira. Ilianza kazi. Sikuona pahali yenye iligeuka."

Jibu hilo halikuwa tamu, lakini lilikuwa la kweli, na Munira aliliona hivyo. Hata hivyo hasira haikumwisha.

"Mutoto wa miaka sita unamuuliza anataka nini. Unamungojea mpaka ajibu. Mi, mutu muzima, hukuniuliza kitu. Ulitoa dosiye, ulipanda pikipiki, uliniamulia. Unajua nililala aje siku hizi?"

Nasoro akainamisha kichwa. "Niliogopa. Kama ningekuuliza mbele ya macho ungesema hapana, na ningepaswa kuendelea kukuona kila juma."

"Basi ungeendelea kuniona!"

Mama mmoja jamvini akasema kwa sauti, "Dada, musamehe, tunangoja masomo," na kicheko kikalipuka. Hata Munira alishindwa kujizuia. Akaficha uso kwa mtandio.

"Sina jibu," akasema alipotulia. "Kichwa yangu imejaa. Maliza kazi yako. Wazee wako wakitaka kuja, nyumba ya baba mudogo Ibrahim iko nyuma ya musikiti. Lakini usifikiri kwamba nimekubali."

"Sifikiri."

"Na usifikiri nimekatala."

Alipanda pikipiki akarudi, na njia nzima hakujua kama anacheka au analia.

*

Masomo yalianza. Mkuu wa shule, baada ya kumwona Rehema akivua na kuvaa uniforme mbele yake kwa dakika kumi na moja, alikubali kumjaribu kwa muhula mmoja. Vanessa aliahidi kuja kumwelekeza mwalimu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Nasoro alifika na wazee wawili kutoka Uvira, kanzu zimepigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Munira alikuwa nyuma ya pazia, harufu ya pilau na samaki wa mikebuka wa kukaanga ikimzunguka. Baba mdogo Ibrahim, mwenye boti na maneno machache, aliwaacha wageni wamalize salamu zote, kisha akamgeukia Nasoro mwenyewe.

"Huyu mwanamuke iko na mutoto. Unajua?"

"Najua, baba."

"Ule wa kwanza naye alijua. Siku utachoka, utaenda wapi?"

Mzee mmoja akakohoa kumwokoa, lakini Nasoro hakuokolewa.

"Nitachoka, baba. Kwa kazi hii nachoka kila siku. Lakini asubuhi huwa narudi."

Ibrahim akasema kuelekea pazia, "Munira, umesikia. Mi siwezi kukujibia."

Munira alishika ukingo wa pazia. Moyo haukuwa umetulia. Alijaribu kuutuliza, haukukubali. Hofu ya Kalemie ilikuwepo bado, na pembeni yake kulikuwa na mwanaume yule aliyekiri mbele ya wazee kwamba atachoka. Akaona kwamba akingoja mpaka mashaka yaishe, atazeeka nyuma ya kitambaa. Akatoka, mtandio wa zafarani, macho chini.

"Baba mudogo," akasema, "wageni wanawe mikono. Chakula iko tayari."

Wazee wakatazamana, wakatabasamu, maana mposaji aliyekataliwa halishwi, wakakunja mikono ya kanzu. Nasoro akamwinamia mzee aliyekuwa karibu naye.

"Mzee, hii ni ndiyo ao ni hapana?"

"Nawa mikono, mwana," mzee akanong'ona. "Kula kwanza."