Mkono wa Mwalimu Bhupendra

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti ya mto Chania Wavinya alipofika kwa lango la Mama Ansuya, tepu ya fundi mkononi. Amekuja kupima piano tu. Mama Ansuya anauza nyumba, na piano ya marehemu mumewe alikuwa amempa Wavinya, bora ipite mlangoni.

Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu yenyewe ilikuwa Kamene.

Lakini ngojeni kwanza, msije mkadhani Wavinya ni mtu wa kukimbia kivuli. Huyu ni binti wa kijiji cha Ngoliba, mtoto wa wakulima wa ndengu. Amepiga piano Nairobi na ng'ambo, kumbi zimejaa, watu wakasimama kumpigia makofi. Siku hizi anafundisha watoto wa Membley, kule Ruiru. Na yeye alifundishwa na Mwalimu Bhupendra, huyo huyo mume wa Mama Ansuya, hapa hapa Thika, mzee mwembamba, mtafunaji wa karafuu.

Mzee huyo alikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akikaribia kumaliza wimbo, kabla ya ule mguso wa mwisho kabisa, anamshika kifundo cha mkono.

"Bado."

Basi. Kwenye piano ile hakuna aliyewahi kumaliza wimbo. Ati atawaruhusu siku watakapostahili. Akafa siku hiyo haijafika. Wakamchoma kwa desturi ya watu wake, majivu wakayapa mto.

Hakwenda na mto.

Kila Wavinya alipopiga mbele ya watu, wimbo ukielekea mwisho, kitu baridi kilimkamata kifundo. Alimalizia kwa nguvu, kama anayechomoa mguu kwenye matope. Watu walidhani ni madoido. Hakumwambia mtu hata mmoja.

Halafu juzi Kamene, mwanafunzi wake, akapiga yowe katikati ya somo. Mkono wa kushoto umekakamaa, vidole vimejikunja kama mguu wa kuku.

"Mwalimu, huyo mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Anayenishika. Ananuka karafuu."

Daktari hakuona ugonjwa. Vidole havikukunjuka. Na mtoto mwenyewe hana kitu anachopenda duniani kama piano. Wavinya hakuogopa, haki ya Mungu. Alikasirika. Mimi sawa, alisema moyoni, nimezoea. Lakini mtoto wa wenyewe?

"Pima, halafu enda," Mama Ansuya alimnong'oneza mlangoni. "Kupiga, hapana."

"Nimekuja kupiga, Mama."

"Mimi nafungua kifuniko cha piano asubuhi. Jioni nakuta kimefungwa." Bibi kizee alivuta mtandio wake. "Hata mimi, miaka yote ile, hakuniacha nimalize hadithi. Hata moja."

"Basi kaa hapo usikie mwisho."

Wavinya akaketi. Akaanza ule wimbo wa utotoni, ule aliokatizwa mara nyingi kuliko zote. Chumba kilikuwa na giza la magharibi. Nje maporomoko ya mto yananguruma.

Alipofika katikati... harufu.

Karafuu.

Ubao wa sakafu ukalia nyuma yake. Kwii. Tena, karibu zaidi. Kitu kikavuta pumzi sikioni mwake, na vidole baridi vikamzunguka kifundo, kimoja kimoja.

"Bado."

"Si bado," Wavinya akajibu, mikono inakwenda. "Nimestahili zamani, Mwalimu. Ni wewe hukutaka."

Kifuniko kikaanza kushuka. Hakuna aliyekigusa.

"Toa mikono!" Mama Ansuya akalia. "Toa, mtoto wangu!"

Hakutoa.

Kifuniko kikamwangukia vidoleni. Akaona nyota. Na chini ya kifuniko kile, kwa vidole vinavyotoka damu, akayakandamiza meno ya piano. Mguso wa mwisho. Ukalia nyumba nzima, ukatoka nje, ukafika mtoni.

Kimya.

Mtu akashusha pumzi, kama mzee anayevua viatu.

Njiani kurudi Ruiru simu ikalia. Mama Kamene. "Mwalimu! Vidole vimekunjuka! Sasa hivi, akila ugali!"

Mngesema yameisha. Mimi pia ningesema.

Somo lililofuata Kamene alipiga vizuri mno. Wavinya ameketi kando yake, vidole vimefungwa bendeji. Wimbo ukaelekea mwisho. Harufu ya karafuu ikapanda... akageuka, hapana mtu. Akanusa tena.

Ilikuwa inatoka kwake.

Akatazama chini. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeinuka, unakwenda polepole kwenye kifundo cha mtoto. Na ulimini, tayari, neno lile.

Akaung'ata ulimi. Akauvuta mkono, akaukalia, uzito wote.

"Maliza," akasema. "Maliza, Kamene!"

Kamene akamaliza.

Hata leo ukipita Membley wakati wa somo, utamkuta mwalimu ameukalia mkono wa kulia. Watoto humcheka. Yeye hucheka nao, wala hainuki mpaka wimbo uishe.

Na chini yake, mkono unahangaika.