Vibati Msumarini

Walijuana stendi, kwenye zogo la abiria na wachuuzi, mkanda wa mkoba wa binti ulipokatika vitambaa vikamwagika chini. Yeye fundi cherehani. Kijana aliyeinama kumwokotea ni mtembeza wageni, shati limenyooshwa, mdomo hauna breki.

"Dada, unavihamisha au unavitupa?"

"Okota huku umenyamaza!"

Miezi ikapita, simu haziishi, "mpenzi umekula?" asubuhi na jioni, hadi kijana alipomwalika mlimani kwenye mji wa zamani wa machimbo anakofanya kazi. Fundi akavaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Babu yake, mzaa mama, aliingia mgodi ule enzi za wakoloni asitoke. Fundi alipanga kumwambia mpenzi wake habari hiyo palepale.

Mji kimya! Nyumba za mawe za mabwana zimepakwa rangi upya, mabanda ya wachimbaji yameachiwa magugu. Hilo peke yake lilimchefua. Kisha wakafika mlangoni mwa mgodi, kwenye ubao wa misumari. Mchimbaji akishuka alitundika kibati chake cha namba, akipanda anakichukua. Kibati kikibaki, mwenyewe amebaki chini, na vingi bado vinaning'inia. Mpenzi wake akawapa wageni vibati watundike, wakaingia, wakatoka, akamzuia mmoja asichukue chake.

"Huyu basi tena, tumeshamzika!"

Wageni wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" Fundi akafoka. "Babu yangu kibati chake kilibaki hapo! Bibi alionyeshwa msumari, maiti hakupewa!"

"Mpenzi, sikujua! Ni mchezo tu, tajiri wangu hapa kazini ndiye aliyenifundisha."

"Na wewe kichwa chako ni cha kufugia nywele?"

Fundi akashuka na basi la kwanza. Simu za kijana hakupokea hata moja, mpaka mama yake alipomletea simu yake mwenyewe, kijana yuko hewani. "Zungumza naye. Ameniomba radhi mimi kwanza."

"Leo nimewasimulia wageni habari za babu," kijana akasema. "Tajiri kasema namharibia biashara. Amenifukuza."

"Kukufukuza kwa kusema kweli? Ana wazimu!"

"Bado umenikasirikia?"

"Sana. Kesho utusubiri stendi, mimi na mama."

Wakapanda mlimani watatu. Mama alisimama mbele ya ubao. Namba ya baba yake hakuijua, hakuna aliyewahi kumwambia. Basi akaanza kuvitungua vibati vyote.

Tajiri akaja mbio. "Mama, hivyo vyangu!"

"Vyako? Ulishuka lini wewe?"

Fundi akafungua mkoba, mama akadondosha vibati ndani, kijana akaushika kwa chini maana ulizidi kuwa mzito.

"Mkanda hautakatika tena?" kijana akanong'ona.

"Nimeushona mara mbili. Wewe shikilia tu."

"Hata kazi sina, mpenzi. Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Lakini kwanza tuwapeleke hawa nyumbani."