Siku Mashine ya Unga Ilipopanda Kilima

Mashine ya unga ilipoanza kunguruma asubuhi, mtaa mzima uliamka. Wanawake walijitwika ndoo za nafaka. Wanaume walisukuma baiskeli zenye magunia. Wote walishuka bondeni, kwenye chumba kidogo chenye paa la bati lililochakaa.

Mwenye mashine aliitwa Mama Unga. Jina lilimfaa. Jua likipanda kidogo tu, alikuwa mweupe tangu kope hadi vidole vya miguu. Mumewe aliitwa Chuma, kwa sababu ya nguvu zake. Alibeba gunia begani huku akipiga mluzi.

"Mke wangu, leo umejipaka poda kupita kiasi," Chuma alimtania.

"Wewe beba magunia," Mama Unga alijibu. "Maneno hayajazi ndoo."

Biashara ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa mahali penyewe. Chumba kilikuwa chini, karibu na mtaro mkubwa. Msimu uliopita wa mvua, maji yaliingia mlangoni. Yalifika kwenye miguu ya mashine. Nusura yafike kwenye mota inayoizungusha. Mota ikiingia maji, mashine imekufa. Na mashine ikifa, sufuria ya nyumbani nayo inalala tupu.

Basi wakajenga chumba kipya juu, kwenye kilima kidogo nyuma ya uwanja. Saruji ikakauka. Fundi umeme akavuta nyaya. Kazi moja tu ilibaki: kuipandisha mashine.

Hapo ndipo penye kazi. Kinu na mota vilifungwa kwenye fremu moja ya chuma. Boliti zilishika kutu, hazikufunguka. Ilibidi vyote vipandishwe pamoja, na vilikuwa vizito kama tembo aliyelala.

Asubuhi moja, mawingu meusi yalitanda. Chuma alitazama juu, akafunga mkanda wake.

"Leo ndiyo leo," alisema. "Mvua haitatukuta bondeni."

Wakazima umeme. Fundi umeme akatenganisha nyaya. Chuma akawaita rafiki zake. Alikuja kinyozi, alikuja mwashi, na wengine wenye mikono ya kazi. Walifunga mbao mbili chini ya fremu ili iteleze. Walitandika mbao nyingine kwenye mwinuko. Kisha wakafunga kamba ya katani.

"Haya, vuta!" kinyozi alipaza sauti.

"Vuta tena!"

Mashine ilisogea. Ilianza kupanda. Chuma alikuwa nyuma, anaisukuma kwa bega. Mama Unga alipiga makofi. Walifika katikati ya kilima.

Ghafla kinyozi aliteleza. Kamba ikawachomoka mikononi, ikawachuna viganja. Mashine ikaanza kurudi chini.

"Chuma! Ruka!" Mama Unga alipiga kelele.

Chuma aliruka pembeni, akaanguka kifudifudi. Mashine ilipita mbio na kusimama chini kwa kishindo. Kandambili moja ya Chuma ilibaki chini ya fremu. Ilikuwa imekatika vipande viwili.

Kinyozi alitazama viganja vyake vyekundu.

"Kesho nitawanyoa watu kwa meno?" aliuliza.

Watu walicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Mmoja mmoja waliaga wakaenda.

Mama Unga alikaa chini.

"Mume wangu," alisema, "mashine naitaka. Lakini wewe nakutaka zaidi. Hatuvuti tena namna hii."

"Sasa tutafanyaje? Mvua hiyo inakuja!"

"Nampigia simu wifi yangu."

Wifi huyo alikuwa mdogo wake Chuma. Kazi yake ilikuwa kutandaza mabomba ya maji, na watu walimwita Fundi Bomba. Hakuchelewa. Alikuja na pikipiki, mfuko mzito umefungwa nyuma.

"Wifi, mbona mweupe hivyo?" alimtania Mama Unga. "Umemwona jini?"

"Nimeona kaka yako akitaka kulaliwa na mashine. Jini ana nafuu."

Fundi Bomba hakucheka tena. Alimkagua kaka yake miguu na mikono. Kisha akafungua mfuko. Alitoa kifaa cha chuma, kikubwa kama birika la chai. Kilikuwa na ndoano, na waya wa chuma umezungushwa kwenye kigurudumu. Akatoa pia drili ya betri.

"Hii ni winchi," alisema. "Inaendeshwa na drili. Sisi tunavutia mabomba mazito."

Chuma aliangua kicheko.

"Wanaume wazima wameshindwa, kiweze hiki kidude?"

"Kaka, usidharau wembamba wa reli. Treni inapita juu yake."

"Lakini drili ni ya kutoboa matundu," Mama Unga alisema. "Inawezaje kuvuta?"

"Swali zuri, wifi. Drili inazunguka haraka sana, ila nguvu yake peke yake ni ndogo. Ndani ya winchi kuna gia. Gia zinapunguza mwendo na kuongeza nguvu. Drili inazunguka mara nyingi, waya unasogea kidogo tu. Ndiyo maana kidude kinavuta mzigo mkubwa."

Alimwonyesha kibao kidogo kwenye winchi.

"Hapa wameandika uzito inaoweza kuvuta. Soma kwanza, kila mara. Usikisie. Mashine yenu iko ndani ya uwezo wake, lakini mlimani mzigo unakuwa mgumu. Tutaisaidia kwa kapi."

Kapi lilikuwa gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitisha waya. Fundi Bomba alilifunga kwenye fremu ya mashine.

"Waya utatoka juu, utazunguka kapi hili, utarudi juu. Mzigo utashikwa na waya mara mbili. Utakwenda polepole zaidi, lakini nguvu itakuwa karibu maradufu."

"Na huko juu tunafunga wapi?" Mama Unga aliuliza.

"Kwenye nguzo ya uzio!" Chuma alidakia.

Fundi Bomba aliitikisa nguzo. Ilicheza kama jino la mtoto.

"Ukifunga hapa, kaka, nguzo ndiyo itakayoshuka kuifuata mashine."

Walichagua mti mkubwa uliosimama imara pembeni ya chumba kipya. Fundi Bomba aliuzungushia mkanda mpana, chini kabisa karibu na mizizi, akafunga winchi hapo.

"Usizungushe waya wenyewe kwenye mti," alisema. "Utakata gome, na waya utaharibika. Tumia mkanda."

Akampa Mama Unga glavu nene. Wakavuta waya taratibu hadi kwenye kapi, wakaurudisha kwenye mkanda na kuukagua. Hapakuwa na nyuzi zilizokatika wala mahali palipopindika vibaya.

"Acha mizunguko michache ibaki kwenye kigurudumu," Fundi Bomba aliongeza. "Ukiumaliza wote, utachomoka."

Mwisho alichukua gunia zito lililolowa maji. Akalilaza juu ya waya, katikati.

"Hilo la nini tena?" Chuma aliuliza.

"Waya ukikatika, unarudi kama mjeledi. Gunia linaupunguzia kasi. Lakini dawa ya kweli ni moja: mtu asisimame kwenye mstari wa waya, asiuruke, wala asikae nyuma ya mzigo. Kaka, wewe utakuwa pembeni. Utasukuma kabari hizi mbili nyuma ya mashine kwa mti huu mrefu, ili isirudi chini. Winchi hii ina breki, lakini hatuiachii breki peke yake."

"Na drili atashika nani?" Chuma aliuliza, tayari amenyoosha mkono.

"Mwenye mashine," Fundi Bomba alisema.

Mama Unga alijigusa kifuani. "Mimi?"

"Wewe. Weka gia ya chini. Shika kwa mikono miwili, na ushike mshikio wa pembeni. Mzigo ukikwama, drili inaweza kukupinda kifundo cha mkono. Simama kando. Bonyeza polepole."

Mama Unga alisimama kando, akaishika drili. Akabonyeza.

Drili ililia. Waya ulikaza. Mbao zikatoa mlio. Na mashine, tembo yule aliyelala, akaamka! Ilisogea kidogo, kisha kidogo tena. Chuma alisukuma kabari nyuma yake. Mama Unga alihisi nguvu ikipita mikononi mwake, na hakuwa hata ametokwa jasho.

"Inapanda!" alipiga kelele. "Chuma, inapanda!"

Waliokuwa wameondoka walirudi mmoja mmoja. Mwashi alishika kichwa. Kinyozi alisimama mbali, viganja vyake vimefungwa vitambaa.

"Jamani, Mama Unga anaivuta peke yake!" kinyozi alisema.

Matone ya kwanza ya mvua yalianguka. Mashine ilikuwa imevuka katikati ya kilima. Hapo sauti ya drili ikabadilika. Ikawa nzito, kama mtu anayekoroma. Mashine ikasita.

"Kaza! Ongeza moto!" Chuma alisema. Akatupa mti wake, akakimbilia mbele ya mashine. Alitaka kuuruka waya ainue kona ya fremu.

Mama Unga aliachia kitufe papo hapo.

"Chuma! Rudi! Usiguse waya!"

Hakuwa amewahi kumfokea mumewe mbele za watu. Chuma aliganda, mguu mmoja hewani. Kisha akarudi nyuma polepole. Akatazama mashine. Ilikuwa imesimama kwenye mteremko, haipandi wala haishuki.

"Imeshika!" alinong'ona. "Hata hairudi nyuma."

"Ni breki," dada yake alisema. "Lakini weka kabari zako. Na wifi amefanya sawasawa. Drili ikilia vibaya, usiilazimishe. Simama, tafuta sababu."

Chuma aliokota mti wake, akakaza kabari zote mbili. Mama Unga aliteremka pembeni, akainama na kuchungulia. Sababu akaiona: ubao wa chini umegonga jiwe.

Fundi Bomba alikuwa na mtaimbo mrefu. Mama Unga alilegeza waya kidogo, naye Fundi Bomba, akiwa pembeni, akalitoa jiwe. Betri ilikuwa ya moto, wakaiacha ipumzike na kuweka nyingine. Mvua ilizidi. Mama Unga alipangusa uso, na unga ukawa uji mashavuni.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari!" watu wote walijibu kutoka mbali, kama wanafunzi darasani.

Drili ikalia tena, safari hii kwa sauti nyembamba na safi. Mashine ilipanda, ikapanda, ikafika kileleni. Hapo palikuwa tambarare. Wakaweka vipande vya bomba chini yake. Chuma na mwashi wakaiviringisha taratibu hadi ndani ya chumba kipya.

Shangwe zilizolipuka zilishinda ngurumo za radi. Mama Unga alimkumbatia wifi yake, akampaka uji wa unga kichwa kizima. Chuma alikaa kwenye kizingiti, akiitazama winchi.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeyala maneno yangu yote. Nimeshiba."

Mvua haikukatika mpaka asubuhi. Kulipokucha, Mama Unga alikwenda kuchungulia bondeni. Maji yalikuwa yamefika magotini ndani ya chumba cha zamani. Ndoo kuukuu ilikuwa ikielea pale ilipokuwa mota. Alisimama akiitazama. Kisha akapanda kilima mbio.

Fundi umeme alifunga nyaya na kukagua kila kitu. Mashine ikanguruma. Watu wakaja, safari hii wakipanda badala ya kushuka. Walitaka unga, lakini walitaka zaidi kusimuliwa. Fundi Bomba alikuwa amemwachia wifi yake winchi kwa muda.

Jirani mmoja alikuja na ombi.

"Mama Unga, ndoo yangu imezama kisimani. Nifunge kwenye waya wako, uniteremshe nikaitoe."

"Hapana," Mama Unga alisema. "Winchi hii ni ya kuvuta mzigo ardhini. Haibebi mtu. Ndoo tutaitoa kwa ndoano na kamba. Wewe baki juu, watoto wako wanakuhitaji."

Kabla jirani hajajibu, kinyozi alifika akihema.

"Mti umeanguka! Umeziba njia! Mkunga yuko upande wa pili na pikipiki yake, na kuna mama ana uchungu!"

Mama Unga alizima mashine. Alichukua mfuko wa winchi, Chuma akachukua msumeno. Walimkuta mkunga amesimama kwenye matope, ameubana mkoba kifuani. Matawi marefu yalikuwa yamemzuia pande zote.

Chuma na mwashi waliukata mti vipande. Mama Unga alizungusha mkanda kwenye mti mwingine uliokuwa imara. Alikagua waya, akalaza gunia zito juu yake.

"Wote kando!" alisema. Na watu, wakubwa kwa wadogo, walikaa kando.

Gogo la kwanza likateleza kwenye matope kama sabuni. La pili likafuata. Njia ikafunguka upana wa pikipiki. Mkunga hakusubiri upana zaidi. Alipita katikati ya shangwe huku akipiga honi, matope yakiruka nyuma yake. Baadaye habari zilifika: mtoto amezaliwa salama, na analia kwa sauti kubwa.

Lakini pale njiani lilibaki gogo moja, nene kuliko yote. Chuma alimsogelea mkewe.

"Mama Unga," alisema kwa upole, "niachie na mimi nivute hili la mwisho."

"Unaanza na nini?"

"Nasoma kibao cha uwezo. Nakagua waya. Nakagua mkanda. Nahakikisha hakuna mtu kwenye mstari. Naweka gia ya chini."

"Na drili ikilia vibaya?"

"Nasimama. Natafuta sababu."

Mama Unga alivua glavu, akampa. Kisha akarudi nyuma na kunyoosha mikono kuwazuia watu. Chuma alishika drili kwa mikono miwili na kubonyeza polepole. Gogo likaanza kusogea. Yule mwanaume mwenye nguvu kuliko wote mtaani alicheka kwa furaha kama mtoto.